UUZAJI WA NYUMBA KATIKA ZAMA ZA SIMU NA MTANDAO

Maelezo ya mazungumzo kwa wakaazi wa Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, yanayochapishwa kwa faida ya wananchi wote



Mgeni anayepita mitaa ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hushangazwa na maandishi ya rangi yaliyo juu ya kuta za nyumba: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Kwingineko mwenye nyumba hutangaza pale anapotaka kuuza. Katika nchi hii wapo wanaolazimika kutangaza kwamba hawauzi. Sababu yake inajulikana na kila mtu. Zimeuzwa nyumba ambazo wenyewe wamo safarini au wamelazwa hospitali. Zimeuzwa na wapangaji, na ndugu wa tumbo moja, na hata na watu wasiojulikana kabisa ambao siku moja kabla waliomba kuonyeshwa vyumba.

Maandishi hayo yanafaa kuwa mwanzo wa mazungumzo haya kwa kuwa yanaonyesha hali ya moyo wa mnunuzi. Mtu aliyeko Mbeya, Dodoma au Unguja, akifungua simu yake na kuiona picha ya nyumba inayouzwa Chitete, huanza na shaka kabla hajaanza na tamaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tangazo la nyumba ni kumwondolea shaka mtu wa mbali. Picha nzuri humfanya asimame kutazama, lakini kinachomfanya apande gari ni maelezo anayoweza kwenda kuyahakiki mwenyewe.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huo. Mwenye nyumba alimwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yake, na baada ya wiki mbili habari ilikuwa imeenea mnadani. Aliyekuja kununua alikuwa mtu wa karibu. Alijua nani aliyechimba msingi, mwaka gani upepo uliezua bati, na mpaka wa kiwanja unapita kwenye mti upi. Katika miji mikubwa palikuwa na matangazo madogo madogo ya magazeti na ya Radio Tanzania, yaliyolipiwa, na kwa hivyo mtu alipima kila neno kabla ya kulitoa fedha. Leo nafasi ya kutangaza kwa WhatsApp, Facebook au Instagram haina ada, na inaelekea maneno nayo yameshuka thamani. Tangazo lina urefu wa kiganja, lakini msomaji humaliza bila ya kujua nyumba iko wapi.

Hapa Momba mabadiliko yamekuja kwa haraka. Wilaya iliundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Mbozi. Mkoa wa Songwe ukaundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mbeya. Chitete, iliyokuwa kijiji kama vijiji vingine, ndiyo yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Lindi, au mfanyabiashara wa mahindi na ufuta anayetafuta pahali pa kukaa karibu na mazao, hajui mti wa mpaka wala historia ya bati. Yote ambayo zamani yalisemwa na majirani sasa hana budi kuyasema muuzaji, na ayaseme kwa maandishi.

Utazamwe mfano wa tangazo la namna inayosambazwa kila siku: "Nyumba kali sana inauzwa haraka, ipo Tunduma, dakika tano toka lami, bei poa, maongezi yapo, wahi." Katika maneno hayo machache mna makosa manne. Nyumba iko Chitete, si Tunduma. Tunduma ni mji wa mpakani wenye bei zake, na kati yake na Chitete ipo safari ya gari. Mnunuzi akifika na kuona amedanganywa mahali, hataamini tena lolote. Dakika tano toka lami hazikuelezwa kama ni za miguu, za bodaboda au za ndege. Bei haikutajwa. Na neno "haraka", ambalo wauzaji wengi hudhani linamhimiza mnunuzi, kwa kweli linamwambia kwamba mwenye nyumba amebanwa na shida, kwa hiyo anaweza kukatwa bei. Neno hilo moja limewagharimu watu fedha nyingi kuliko dalali yeyote.

Lingeweza kuandikwa hivi: "Inauzwa nyumba ya matofali ya kuchoma, Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo, choo cha ndani. Bati liliezekwa mwaka 2017. Upande wa jikoni linavuja kidogo. Umeme upo, maji ni ya kisima. Kiwanja mita za mraba 600, barua ya toleo ipo. Wauzaji ni mume na mke. Bei shilingi kadhaa, ina mazungumzo baada ya kuiona nyumba. Barabara ya kufikia ni ya udongo, masika hupitika kwa gari la juu." Tangazo hilo linaingia katika ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ile isiyofungua picha, na wenye simu hizo bado ni wengi. Kule kukiri kwamba bati linavuja kidogo hakumfukuzi mnunuzi. Mnunuzi angeliona doa la dari kwa macho yake siku ya kuja. Akilisoma kabla, huja akiwa amekwisha kulihesabu, na huwa tayari kuyaamini yale mengine.

Kuhusu picha hapahitajiki maneno mengi. Kioo cha simu kifutwe, picha zipigwe asubuhi au alasiri jua likiwa upande mmoja, vyumba vifagiliwe, nguo ziondolewe kwenye kamba. Rangi zisiongezwe kwa programu za kupambia picha. Zipigwe picha za choo, za jiko, za paa kwa ndani, za mita ya LUKU na za njia ya kuingilia, kwa sababu mnunuzi makini hutazama hayo kabla ya sebule. Video fupi inayoanzia barabarani na kuingia hadi mlangoni bila ya kukatwa inafaa kuliko picha kumi. Watoto wasionekane, wala mali za ndani zenye thamani, wala wapangaji ambao hawakuombwa idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetungwa kumkinga mtu katika mambo ya namna hiyo, na hata pasingekuwa na sheria, mpangaji hastahili kupata habari ya kuuzwa nyumba anayolala kupitia simu ya mtu mwingine.

Ipo picha moja ambayo wauzaji huikwepa, nayo ni ya ukuta wenye alama ya X. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu iliongezwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba zilizoingia katika eneo hilo zilitiwa alama: nyekundu kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambao hawana fidia, na kijani kwa waliokutwa na ongezeko, wanaostahili fidia pale eneo litakapotwaliwa. Kuipiga picha nyumba kwa upande wa nyuma ili alama isionekane, au kuipaka rangi juu yake wiki moja kabla ya kutangaza, si werevu. Mnunuzi ataelezwa na muuza chapati wa jirani siku hiyo hiyo ya kuja kuangalia, na asipoelezwa siku hiyo, kitakachofuata ni kesi.

Hati isirushwe mtandaoni. Wapo wenye nyumba ambao, kwa kutaka kuaminiwa, hupiga picha ya hati yao yote, yenye jina, namba, ramani na saini, wakaiweka mahali ambapo kila mtu anaiona. Kwa tapeli hiyo ni zawadi. Huichukua, hutengeneza nakala, na mwezi unaofuata nyumba ile ile inauzwa kwa mtu mwingine katika mji mwingine. Katika tangazo inatosha kutaja aina ya waraka uliopo. Mnunuzi aliyekwisha kuiona nyumba na kukubaliana bei apewe namba ili akafanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Tangu mwaka 2020 huduma hizo zimesogezwa katika ofisi za ardhi za mikoa, na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi inaendelea kuzihamishia katika mfumo wake wa e-Ardhi. Muuzaji mwenye busara huwa wa kwanza kufanya upekuzi juu ya nyumba yake mwenyewe, kabla hajatangaza, kwani wapo waliogundua siku ya mauziano kwamba rehani ya mkopo waliomaliza kuulipa miaka mingi nyuma haijafutwa katika daftari.

Sasa inafaa kuingia katika jambo ambalo ndilo kiini, nalo ni nani mwenye haki ya kuuza. Simu haiulizi. Mtu yeyote mwenye picha anaweza kutangaza. Sheria ndiyo inayouliza.

Iwapo nyumba ni ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuiuza bila ya ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa hiyo hupatikana sebuleni kabla ya picha kupigwa. Yanasikitisha matukio ya mke kuiona nyumba yake katika kundi la WhatsApp la madalali, akatumiwa na shoga yake kwa swali, "Mnahama?" Yeye alikuwa akipika katika jiko lile lile lililo pichani.

Iwapo mwenye nyumba amefariki, hakuna mtoto, hata mkubwa, wala ndugu wa marehemu mwenye mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina. Kinachompa mtu mamlaka ni uteuzi wa mahakama. Na msimamizi huuza kwa niaba ya warithi wote, akiwamo yule binti aliyeolewa mbali ambaye watu husahau kumpigia simu. Kwa kuwa tangazo hufika mbali kuliko barua za ukoo, mara nyingi huyo binti ndiye wa kwanza kuliona.

Iwapo nyumba imesimama juu ya ardhi ya kijiji, kama zilivyo nyumba nyingi za Wilaya hii, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa hakimiliki ya kimila uidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake si Halmashauri. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili, yaani mnunuzi aliyelipa kila senti hana nyumba, na muuzaji aliyekwisha kuzitumia fedha ana deni. Kwa viwanja vilivyopimwa na kumilikishwa, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo wa 1999 inataka mkataba wa mauziano uwe wa maandishi. Mapatano ya "sawa mkuu, nimekubali" kwenye simu yasichukuliwe kuwa mauziano. Mkataba uandikwe na mwanasheria, utiwe saini mbele yake, na uhamisho usajiliwe.

Wananchi wa Unguja na Pemba watakaoyasoma maelezo haya wazingatie kwamba ardhi si jambo la Muungano. Mwenye nyumba Tanzania Bara anafuata sheria zilizotajwa hapa, na mwenye nyumba Zanzibar anafuata Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 na Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya mwaka 1994. Aliyejenga pande zote mbili asidhani kwamba utaratibu alioufuata Darajani utamfaa Tunduma.

Tunduma imetajwa, na haiwezekani kuiacha bila ya kusema habari za mpaka. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Wanaoana, wanazikana na kusalimiana kwa lugha moja. Tangazo lililoandikwa Chitete huvuka mpaka huo bila ya pasipoti, na ni jambo la kawaida simu ya kwanza ikatoka kwa binamu aliye upande wa pili. Lakini binamu huyo, akiwa raia wa Zambia, hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji au kwa njia nyingine chache zilizotajwa na sheria. Njia inayotumiwa na wengi ni kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu Mtanzania. Ndugu akiwa hai na wakiwa wanapatana, mambo huonekana sawa. Ndugu akifa, watoto wake huikuta nyumba yenye jina la baba yao, na aliyeilipia hana waraka hata mmoja wa kuonyesha. Muuzaji asikubali kuwa sehemu ya mpango wa namna hiyo kwa kuvutiwa na kwacha.

Kuhusu madalali, ipo haja ya kusema kwa uadilifu. Dalali mzuri anajua wanunuzi, anajua bei, na hupunguza usumbufu wa watu wanaokuja kutalii nyumba za wengine. Lakini wapo wanaozidisha "cha juu": mwenye nyumba anataka shilingi milioni 30, dalali anatangaza milioni 38, na tofauti ni yake. Mtandao umeifichua desturi hii, kwani nyumba moja ikiwa mikononi mwa madalali wanne huonekana kwa bei nne tofauti, na mnunuzi anayeziona zote hudhani kwamba mwenyewe ndiye mwongo. Ni afadhali dalali awe mmoja, apatane na mwenye nyumba kwa maandishi juu ya bei ya kutangaza na ujira wake, na picha zitolewe na mwenye nyumba. Kwa wakaazi wa mpakani ikumbukwe pia kwamba Amri ya Serikali ya mwaka 2025 imeuweka udalali wa nyumba na ardhi miongoni mwa biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia.

Fedha zisipite njia ya mkato. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi hucheka wakaufuta. Lakini yule aliyekuwa njiani kulipia nyumba siku hiyo hiyo hakucheka. Namba ya kupokelea fedha isibadilishwe kwa ujumbe. Mabadiliko yoyote yathibitishwe ana kwa ana. Malipo ya nyumba yapite benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba, mbele ya mwanasheria. Muuzaji naye asikabidhi funguo kwa kuonyeshwa picha ya risiti ya benki, kwa kuwa risiti za kutengenezwa zipo; angoje fedha zionekane katika akaunti yake. Namba za matapeli zitumwe kwa 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa kazi hiyo.

Kodi nayo iingizwe katika hesabu kabla ya kutaja bei. Uhamisho una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na faida ya mauzo hutozwa kodi ya asilimia 10 kwa muuzaji mkaazi aliye na kumbukumbu za gharama zake. Hapa ndipo stakabadhi za zamani za saruji, nondo, bati na fundi zinapokuwa mali, kwa kuwa gharama zilizothibitishwa hupunguza faida inayotozwa. Sheria ina nafuu fulani kwa nyumba ya kuishi, na maafisa wa Mamlaka ya Mapato hueleza bila ya malipo. Mtindo wa kuandika bei ndogo katika mkataba ili kukwepa kodi humrudia muuzaji pale mauziano yanapovunjika: atakayedai fedha mahakamani atadai kile kilichoandikwa.

Mnunuzi akipatikana na uhamisho ukikamilika, kazi ya tangazo haijaisha. Lifutwe kila mahali lilipowekwa, madalali waambiwe, na makundi yajulishwe kwa neno moja: imeuzwa. Mita ya LUKU ibadilishwe jina ili deni la mmoja lisimfuate mwingine. Picha zilizoachwa mtandaoni huendelea kuokotwa, na mara kwa mara familia iliyohamia wiki tatu zilizopita hugongewa mlango na mtu aliyetoka mbali akiwa na malipo ya awali mkononi na picha ya nyumba yao katika simu.